Ulevi wa Kuazima

Barua ilikuwa na mistari minne tu. Ilisema kwamba ombi langu la leseni ya uuguzi limepokelewa, lakini kwa sababu ya maelezo yaliyomo katika barua ya mtu aliyenidhamini kitabia, ni lazima kwanza nipimwe na mtaalamu kuhusu matumizi ya pombe, na ripoti itumwe Nairobi. Niliisoma nikiwa nimesimama nje ya posta ya Thika, jua la saa sita likiniwakia utosini, kisha nikaisoma tena nikitafuta jina la mtu mwingine. Jina lilikuwa langu. Hasira ndiyo iliyotangulia, hofu ikaja baadaye. Mimi nilikuwa sinywi hata divai ya meza ya Bwana, maana kanisani kwetu tulipewa juisi nyekundu iliyochanganywa na maji mengi.

Hii ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nimemaliza chuo cha uuguzi katika hospitali moja ya misheni, mtihani nimepita, na kazi nimeshaahidiwa. Kulikuwa na kliniki ndogo pale Ruiru, nyumba ya mabati yenye vitanda sita, iliyowahudumia hasa wanawake na watoto wa mashamba ya kahawa. Mwenyewe alikuwa muuguzi mstaafu, mama mnene asiyecheka ovyo. Siku ya kwanza alinikagua toka kichwani hadi miguuni akasema, "Kazi iko. Wewe niletee leseni." Nilipomwambia leseni imechelewa kidogo, alinipa aproni ya buluu ya wafagiaji na kunionyesha ndoo ilipo. "Usiguze mgonjwa," akaniambia. "Ukiguza mgonjwa bila leseni, atakayefungiwa si wewe, ni mimi."

Basi nikawa nadeki. Miaka mitatu na nusu nilikuwa nimekariri mifupa, mishipa na vipimo vya dawa, na sasa nilikuwa bingwa wa kukamua tambara.

Siku moja niliingia na ndoo yangu chumba cha watoto nikamkuta mtoto wa miaka kama miwili ametundikiwa dripu ya kwinini. Sindano ilikuwa imechomoka kwenye mshipa, dawa inaingia kwenye nyama, na mkono umevimba hadi vidole vimekaa kama vya mtu mzima. Kwenye ule mpira wa dripu kuna kigurudumu kidogo. Ukikisukuma kwa kidole gumba, maji yanasimama. Hata mtoto wa shule anaweza. Mama yake akaniambia, "Sista, si uangalie hii mkono ya mtoto?"

"Ngoja nimwite sista," nikasema.

"Kwani wewe ni nani?"

Nilikimbia hadi chumba cha kuzalishia, na muuguzi wa zamu alikuwa ameshika kichwa cha mtoto kinachotoka, hawezi kuondoka. Nikasimama mlangoni kwa dakika kama kumi, nikiwa na tambara mkononi, nikijua barabara cha kufanya na nisiweze kukifanya. Hatimaye alikuja akakisukuma kile kigurudumu. Yule mama hakunisalimia tena mpaka walipoondoka, na mimi ningekuwa yeye nisingenisalimia pia.

Sasa nieleze ulevi wenyewe ulitoka wapi.

Sisi tulikuwa watu wa wokovu. Nyumbani kwetu Kiandutu, mama yangu alikuwa ameokoka kabla sijaanza shule, na mimi nililelewa kwenye mikutano ya injili. Katika mikutano hiyo kila aliyeokoka alitoa ushuhuda, na ushuhuda ulikuwa na mpangilio wake: ulikuwa nani, Bwana alikukuta wapi, na leo wewe ni nani. Watu walikuja kusikia ile sehemu ya kwanza. Kama huko nyuma ulikuwa mtu mzuri tu, uliambulia amina moja ya adabu, na wazee wakaanza kutazama saa.

Zamu yangu ilikuja nilipomaliza kidato cha nne, katika mkutano wa uwanjani kule Witeithie. Aliyenitangulia alikuwa mtu aliyewahi kuvunja nyumba za watu kwa panga. Alipigiwa makofi hadi vumbi likatimka. Kisha nikaitwa mimi. Nilikuwa na nini mimi? Nilikuwa nimewahi kumjibu shangazi vibaya, nimelamba sukari ya watu kwa siri, na mara mbili, kwenye ruracio, yaani sherehe za mahari, za binamu zangu, nilikuwa nimeonjeshwa pombe ya muratina kwenye pembe ya ng'ombe kama wasichana wengine wote wa ukoo. Nikaona nianze na hiyo.

"Bwana asifiwe. Mimi nilikuwa nakunywa pombe."

"Amen!"

Hiyo Amen ilinipanda kichwani. Nikasema nilikuwa nakunywa sana. Wakaitikia zaidi. Na hapo, sijui niseme nini kujitetea, mdomo ulikwenda wenyewe ukamchukua baba yangu.

Baba alikuwa kibarua katika kiwanda cha ngozi mjini Thika. Siku ya malipo alikuwa hafiki nyumbani. Tulikuwa tunaletewa. Watu wa kubeba maji kwa mkokoteni walimkuta kwenye mtaro karibu na barabara, kiatu kimoja kimepotea, wakampakia katikati ya mitungi na kutuletea. Mimi na mama tulimwosha, tukambadilisha nguo, tukamlaza. Asubuhi hakuna aliyesema neno. Ndivyo mama alivyotaka, ili nyumba iwe na amani, na mimi nikazoea.

Mbele ya watu wa Witeithie nilimtoa baba mtaroni nikajilaza mimi. Nikajivua kiatu kimoja. Nikapanda mkokoteni. Watu walilia. Mama alikuwa safu ya pili, na alijua vizuri kiatu kile kilikuwa cha nani, lakini aliinua mikono yote miwili, machozi yakimchuruzika hadi shingoni. Tulipofika nyumbani, akiwasha jiko, alisema jambo moja tu: "Angalau kuna mtu wa hii nyumba ametoka kwa huo mtaro."

Ningeachia hapo ingekuwa heri. Lakini ushuhuda ule ulipendwa. Niliitwa nikautoe Ruiru, nikaitwa Juja, nikaitwa semina za vijana, na kila nilikokwenda niliongeza chumvi kidogo. Nilipoingia chuo cha uuguzi ndipo nikapunguza, kwa kukosa nafasi tu. Kwa hiyo fomu ya leseni ilipotaka barua ya mtu aliyenijua kwa miaka mitano, nilimwendea mchungaji wetu bila kufikiri mara mbili. Aliandika kurasa mbili, akaifunga bahasha kwa gundi, akanipa. "Nimekusifu mpaka mkono ukauma," akaniambia. Nilibandika stempu na kuitumbukiza posta mwenyewe.

Barua ya Nairobi ilipokuja nilimfuata nayo. Siku za kazi alikuwa akitengeneza redio katika kibanda sokoni, na nilimkuta amezungukwa na spika zilizotolewa matumbo. Aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena.

"Lakini hiyo ndiyo sifa yako kubwa!" akasema. Alishangaa kwelikweli. Hakuwa anajua kwamba kuna watu duniani wanaoweza kusoma habari ya mlevi aliyeokoka wakaishia kwenye neno mlevi.

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia kwamba muratina niliionja mara mbili na mengine yote ni ya baba. Nikamwomba aandike barua nyingine. Alinirudishia barua, bisibisi ingali mkononi.

"Niandike nini, dada? Niandike kwamba ulisimama mbele ya Mungu na watu ukadanganya, miaka nane?"

"Andika tu kwamba sijawahi kuwa mlevi."

"Ni kitu kimoja." Hakuwa na ukali. Angekuwa mkali ningejua pa kushika. "Mlevi ameokoka wanaweza kumpatia sindano ashike. Na mwongo je? Halafu kuna yule mzee wa Witeithie aliacha pombe siku ulishuhudia. Yeye nimwambie nini?"

Nilikuwa nimemsahau yule mzee. Alikuwa akiniletea parachichi kila Krismasi. Niliondoka kibandani bila kuaga vizuri, nikatembea hadi nyumbani, na sikumbuki nilipita njia gani.

Mtaalamu wa kunipima alikuwa katika hospitali moja pale Thika, chumba cha mwisho cha ujia mrefu, ambako watu wakikuona umekaa kwenye benchi wanashusha sauti. Alikuwa kijana mpole aliyevaa sweta isiyo na mikono, na hilo la upole lilinivunja moyo zaidi. "Usiogope, hii si kesi," alisema, akafungua faili. Ndani niliona mwandiko wa mchungaji.

Akauliza kama nakunywa. Nikasema sinywi. Akauliza kama niliwahi. Nikasema nilionja mara mbili kwenye sherehe. Akaigeuza barua, akanisomea habari za mtaro.

"Hayo nilitia chumvi," nikasema.

"Kwa nini mtu ajitilie chumvi ya namna hiyo?"

Jaribu wewe kumweleza mtu asiyewahi kusimama kwenye mikutano ile. Nilianza na yule wa panga, nikaeleza habari za makofi, nikajisikia mwenyewe nikizidi kuharibu. Aliandika kwa utulivu. Kisha akaniambia kwamba wengi wanaoletwa pale hukataa mara ya kwanza, na kwamba kukataa kwenyewe ni dalili mojawapo, na si kosa langu. Nikanyamaza. Akaandika na hiyo pia.

"Nyoosha mikono mbele, tafadhali. Fungua vidole."

Nilinyoosha. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Niliviamuru vitulie, vikazidi. Nilijua kutetemeka kule kunamaanisha nini kitabuni, swali lake nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Nilikuwa naogopa, basi. Lakini kitabuni woga hauna ukurasa wake, na yeye alikuwa na kitabu kilekile nilichosomea mimi.

Alinitoa damu, akachukua mkojo, akasema majibu ya damu hayawezi kusema lolote kuhusu miaka nane iliyopita. Alichohitaji ni mtu wa nyumbani, aliyeishi na mimi wakati ule, aje aseme alichokiona.

Nilimwendea mama kwanza. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, amevaa kitambaa cheupe cha kichwa kila siku ya Mungu. Alinisikiliza akichambua mboga, na nilipomaliza hakuinua uso.

"Mimi siwezi kwenda kwa serikali kusema ulikuwa mlevi, maana si kweli," akasema. "Na siwezi kusema hukuwa, maana nililia mbele ya kanisa lote. Watasema machozi yangu yalikuwa ya nini?"

"Mami, ni kazi yangu."

"Najua. Mwambie baba yako."

Alisema hivyo kwa haraka, kama mtu anayesukuma sufuria ya moto mbali. Niliwaza usiku mzima. Baba hakuwa mtu wa kanisa. Hakuwahi kuusikia ushuhuda wangu, na sisi tulihakikisha hausikii. Lakini ni yeye peke yake ambaye hakuwa amefungwa mdomo na mtu. Angeweza kusema: huyu mtoto hakunywa, aliyekunywa ni mimi. Sentensi moja tu. Niliiona leseni ndani ya sentensi hiyo.

Sikumwambia yaliyomo kwenye barua. Niliona haya. Nilikuwa nimemchukulia aibu yake bila ruhusa nikapigiwa nayo makofi katika miji mitatu, na sikujua mtu anaanzaje kusema hivyo kwa baba yake. Nilimwambia tu kuna daktari anataka kujua nilivyolelewa. Alifurahi. Baba aliniita maitu, mama yangu, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Maitu, hiyo ni kazi ndogo," akasema. Siku ya kwenda alikuwa amenyoa ndevu, ameazima koti kwa jirani, na hakuwa ameonja kitu toka jana yake asubuhi. Nilijua kwa jasho lililomsimama juu ya mdomo na kwa jinsi alivyoficha mikono ndani ya mifuko ya koti.

Mtaalamu alimkaribisha kwa heshima, akamwita mzee, akamwekea kiti karibu. Kisha akachukua barua ya mchungaji akamsomea.

Nilitazama sakafu. Nilisubiri afike kwenye mtaro, kwa kuwa nilidhani hapo baba atageuka anitazame. Mtaro ukapita. Kiatu kimoja kikapita. Mkokoteni ukapita, na mitungi ya maji. Nikainua macho. Baba alikuwa anatikisa kichwa polepole, kwa huruma, kama anasikia habari za mtoto wa watu. Hakujijua. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwahi kujua. Asubuhi zote zile aliamka kitandani kwake akiwa msafi, amevalishwa shati kavu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia alifikaje.

"Mzee, wewe uliishi na yeye," mtaalamu akasema. "Ulimwona akilewa?"

Baba alifikiri sana. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kusema ni wewe, baba, ni wewe huyo, lakini nilimwona amekaa wima ndani ya koti la watu, anajitahidi asikosee, na mdomo wangu ambao haukuwahi kukosa maneno kwenye jukwaa ulikauka.

"Daktari, mimi sitakudanganya," akasema. "Hiyo miaka mimi nilikuwa sioni mtu. Nilikuwa na shida yangu ya hiyo maneno. Hata huyu angelala kwa huo mtaro mwezi mzima, mimi singejua."

Mtaalamu aliandika kwa muda mrefu kuliko siku zote. Alipomaliza alinieleza, kwa upole wake uleule, kwamba mtu aliyelelewa na mzazi mwenye shida hiyo yuko kwenye hatari zaidi. Kisha akanisogezea karatasi. Nikikubali kwamba niliwahi kuwa na tatizo la pombe, nitakuja kila Ijumaa kwa miezi sita, nitapimwa, na mwisho ataandika kwamba nimepona na ninafaa. Nikikataa, ripoti itaandika kwamba nimekataa.

Nilitia sahihi. Ni sahihi hiyo iliyonipatia leseni mwaka uliofuata, na kwa kadiri nijuavyo ingali kwenye faili langu Nairobi hadi leo, ya mlevi aliyepona. Nimefanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote kwa idhini ya mtu huyo.

Tulitoka tukashika njia ya kurudi Kiandutu kwa miguu. Baba alitembea taratibu, na mimi nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba nilijiweka hatua mbili mbele. Miezi sita. Ijumaa zote hizo ningeziombea ruhusa kwa mama wa kliniki, na ningemwambia nakwenda wapi? Nikasikia baba ananiita.

"Maitu."

Nikasimama. Alikuwa amesimama kando ya njia, mikono imetoka mifukoni, na sasa alishindwa kabisa kuificha.

"Kwani ulikuwa unakunywa namna hiyo, na mimi sikujua?"

Nilitafuta pa kuanzia. Kulikuwa na mengi ya kusema, na yote yangemrudisha mtaroni, mchana kweupe, watu wakipita.

"Ni mimi nilikupatia hiyo kitu," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Uliona kwangu. Sasa sikiza. Daktari amesema miezi sita, si ndiyo? Mimi nitakuwa nakuja na wewe kila Ijumaa. Tuache wote wawili. Wewe peke yako utashindwa, na mimi peke yangu nimeshindwa."

Akanyoosha mkono nimshike, kama watu wanaopatana bei. Sikuwa nimewahi kumwona baba akiniomba kitu kabla ya siku ile. Nilikuwa na ukweli mdomoni, umeshafika kwenye meno, na kama ningeutema angekwenda nao moja kwa moja hadi kwa mama muuza pombe na asitoke huko.

"Sawa, baba," nikasema. "Hata mimi nimechoka nayo. Tuache."